Kutoka Bondeni hadi Milimani: Majina ya Mitaa ya Nakuru kama Hati ya Historia

Utangulizi

Katikati ya jiji la London, Uingereza, upo uwanja wa Trafalgar, ambao jina lake linahifadhi kumbukumbu ya vita vya baharini vya mwaka 1805. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, nayo ina kumbukumbu za aina hiyo, zilizohifadhiwa katika Kiswahili na katika lugha jirani. Makala haya yanachambua majina ya baadhi ya mitaa yake ili kuonyesha kwamba jina la mahali ni hati ya historia, na kwamba jamii inaweza kuipoteza hati hiyo ingali inaitamka kila siku.

Kitovu cha jiji

Nakuru ilichipuka kando ya reli mwanzoni mwa karne ya 20. Leo, katikati yake, zipo Barabara ya Kenyatta na Bustani ya Nyayo. Neno nyayo ni wingi wa unyayo. Lilipata maana ya kisiasa baada ya mwaka 1978, Rais Daniel arap Moi alipoahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. Kwa hiyo majina hayo mawili yanasimulia urithishanaji wa madaraka wa mwaka huo.

Kiambishi -ni na mgawanyo wa watu

Bondeni, Milimani na Kivumbini ni nomino za kawaida zilizopachikwa kiambishi cha mahali -ni. Kisarufi, Bondeni na Milimani ni ndugu. Kihistoria, ni mahasimu. Wakati wa ukoloni makazi yalitengwa kwa misingi ya rangi. Wazungu walijenga Milimani, kwenye miinuko ya Menengai, ilhali Waafrika walikaa sehemu za chini. Kiambishi hakibagui, ni shina la neno linalofichua nani alikaa juu na nani alikaa chini.

Kivumbini kunadai uangalifu zaidi. Jina Nakuru lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kivumbi ni vumbi linalotimka. Hivyo basi, jina la mtaa huu linarudia kwa Kiswahili kile ambacho jina la jiji lilikwisha kukisema kwa Kimaasai. Wakazi wengi hulielewa la pili bila kulitambua la kwanza.

Mmiliki, methali na furaha

Kwa Rhonda na Kaptembwa ni mitaa jirani. Kwa Kiswahili, kihusishi kwa hutangulia jina la mtu kuonyesha makao yake. Katika lugha za Kikalenjin, kiambishi awali Kap- hufanya kazi iyo hiyo. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimetumia mbinu moja, bega kwa bega.

Ponda Mali ni jina la kipekee kimuundo kwani ni sentensi ya kuamuru. Ni nusu ya methali "ponda mali, kufa kwaja". Nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito, huachiwa msikilizaji aimalizie moyoni. Afraha, jina la uwanja wa michezo, lina asili ya Kiarabu na ni la mzizi mmoja na neno furaha.

London ya Nakuru

Nakuru pia ina mtaa uitwao London. Jina hili halipokei -ni, kama ambavyo Nakuru yenyewe haipokei. Hata hivyo, husemwa "London kumechangamka" sawa na "Bondeni kumechangamka". Jina limebaki la kigeni, lakini upatanisho wa kisarufi umelifanya mwenyeji.

Hitimisho

Imebainika kwamba majina ya mitaa ya Nakuru yamebeba ubaguzi wa kikoloni, siasa za baada ya uhuru na ujirani wa lugha. Maana za miundo huweza kuchambuliwa darasani, lakini visa vya waliotoa majina vimo vinywani mwa wazee, nao hawatadumu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye Njoro, Kabarak au mjini Nakuru ana kazi mbele yake: achague mtaa mmoja, aainishe muundo wa jina lake, kisha awaulize wakaazi wakongwe lilivyoanza, na arekodi hata masimulizi yanayopingana.