Tangawizi, Mkonge na Kifua Kinachobana

Nyumba nyingi, mtoto akianza kukohoa, tangawizi huinjikwa kabla hajapimwa joto. Si vibaya. Kinywaji cha moto hulainisha koo na kurudisha maji yanayopotea kwa homa. Mimi pia hukinywa. Tatizo huanza pale birika linapopewa kazi ya hospitali.

Virusi vya mafua makali au vya UVIKO-19 vikifika mapafuni, kinga ya mwili hupambana navyo. Pambano likizidi, mapafu huvimba, mishipa midogo huvuja, na vifuko vya hewa hujaa majimaji. Mgonjwa anavuta pumzi, oksijeni haipiti.

Mimea ina kemikali za kutuliza uvimbe huo: kurkumini kwenye manjano, jinjeroli kwenye tangawizi, sineoli kwenye majani ya mkaratusi. Maabara imeliona hilo. Lakini seli za maabara hazina tumbo wala ini. Kurkumini ukiinywa, inayofika kwenye damu ni kidogo mno.

Tazama mkonge, zao la Tanga. Majimaji ya majani yake yana hekojenini, ambayo miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza waliigeuza kuwa dawa za jamii ya kotisoni, zinazotuliza uvimbe. Dawa ya jamii hiyohiyo, deksamethasoni, ilijaribiwa Uingereza mwaka 2020 kwa wagonjwa zaidi ya 6,000 waliolazwa kwa UVIKO-19. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliopewa oksijeni bila mashine, kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta nafuu, kwa hiyo usiinunue dukani kwa ajili ya kikohozi. Kati ya jani la mkonge na sindano kuna kuchuja, kugeuza kiwandani na kupima kwa miligramu. Sufuria haifanyi kazi hiyo.

Nyumbani

Tangawizi, mchaichai na ndimu, endeleeni kunywa. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Huweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Mafuta ya mkaratusi hayanywewi kabisa: kiasi kidogo tu chaweza kumtia mtoto degedege. Kujifukiza huzibua pua kwa muda, lakini hakutulizi mapafu yaliyovimba, na maji yanayochemka chini ya blanketi huunguza. Mtoto asifukizwe. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kabla ya kutumia manjano, tangawizi au kitunguu saumu kwa wingi, maana damu yaweza kuvuja kwa urahisi.

Hesabu pumzi

Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, uhesabu kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka mno zikifika:
– 60 au zaidi, chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Zikifika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea kila anapovuta pumzi, midomo ikiwa ya bluu au kijivu, akishindwa kunyonya, au mtu mzima akihema kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, ondokeni papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Chai ya tangawizi itieni kwenye chupa, mtaikuta mkirudi.