Ripoti za tabianchi zinamhusu nini mkulima?

SWALI: Nalima mahindi Ismani, Iringa. Ripoti za wanasayansi wa dunia zinanisaidia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa 1988, ndilo huandaa ripoti hizo, lakini halitungi sheria. Hupima ushahidi, kisha serikali huamua. Ripoti yake ya 1990 ilichochea Mkataba wa Tabianchi wa 1992. Ripoti ya tano ikatangulia Mkataba wa Paris wa 2015, ambao Tanzania iliuridhia 2018. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa makamu wenyeviti wa kundi la jopo hilo lililotoa ripoti ya 2022 kuhusu athari za mabadiliko hayo.

Kwa hiyo ripoti hizo zinakufikia kupitia maamuzi ya serikali, ila hazikuambii siku ya kupanda. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wa mvua za Novemba hadi Aprili, kisha waulize wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Uyole, Mbeya, kuhusu mbegu inayokomaa mapema.