Ripoti Inaposema Kuna Mabadiliko Pembeni ya Uvimbe wa Korodani

Mada ya leo itawatia aibu baadhi yenu, lakini someni tu, hakuna anayewaona! Mimi ni nesi, nilisomea kazi hii nyumbani Tanzania kisha nikasoma tena huku, na wanaume wetu nawajua: kwenye sehemu hizo hamsemi mpaka mambo yaharibike.

Kijana mmoja anayeishi karibu na Kilburn High Road alitolewa korodani moja yenye saratani. Ripoti ya maabara ilipotoka akanipigia saa nne usiku. "Dada, wameandika ugonjwa uko mpaka kwenye nyama za pembeni. Mimi ndiyo basi tena." Alishaanza kuulizia nauli ya kurudi nyumbani. Kesho yake tukakaa, tukaisoma mstari kwa mstari. Maskini, alikuwa ameielewa kinyume.

Ndani ya korodani kuna mamia ya vijirija vyembamba vilivyojikunja, na humo ndimo mbegu za kiume zinatengenezwa. Zaidi ya saratani 9 kati ya 10 za korodani zinaanzia kwenye seli za mbegu. Mwaka 1972 daktari wa Denmark, Niels Skakkebaek, alieleza kuhusu seli za ajabu alizoziona ndani ya vijirija vya wanaume waliokuwa wakichunguzwa ugumba, ambao baadaye walipata saratani. Siku hizi ripoti huziita kwa herufi GCNIS. Wataalamu wanaona kwamba zinaanza kwenda kombo mtoto angali tumboni, zinalala miaka mingi, halafu baada ya balehe zinaamka.

Kwa hiyo ukisoma kwamba pembeni ya uvimbe kuna GCNIS, hapo ndipo uvimbe ulipozaliwa. Seli hizo bado zimefungiwa ndani ya kijirija, hazijatoboa ukuta. Ripoti inaweza pia kutaja vijirija vilivyosinyaa, chembe za chokaa, au chembe nyeupe za damu zilizojaa, hasa kwenye aina iitwayo seminoma. Hizo chembe nyeupe ni askari wa mwili wako. Yote hayo peke yake hayamaanishi kwamba ugonjwa umesambaa.

Jambo la kutafuta kwenye ripoti ni hili: je, seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu? Kwa saratani isiyo seminoma, zikiwemo, uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya upasuaji ni kama nusu. Zisipokuwemo ni chini sana ya hapo. Hata ukirudi, usianze kuandika wosia! Tangu dawa ya sisplatini ianze kutumika miaka ya 1970, saratani hii ni kati ya zinazotibika vizuri kuliko zote, na hapa Uingereza zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanapona.

Sasa ile korodani iliyobaki. Kwa wagonjwa kama 5 katika kila 100, na yenyewe ina GCNIS. Ikiachwa, karibu nusu yao wanapata saratani ndani ya miaka 5. Muulize daktari kama unahitaji kuchukuliwa kinyama cha kupima, hasa kama korodani hiyo ni ndogo, au kama utotoni korodani zako zilichelewa kushuka. Mionzi inaua seli hizo, ila inamaliza na uwezo wa kuzaa kwa korodani hiyo, na wengine baadaye huhitaji kuongezewa homoni. Ndiyo maana omba kuhifadhi mbegu mapema, ikiwezekana kabla ya upasuaji, na kwa vyovyote kabla ya dawa za kemo au mionzi. Tangu Julai 2022 sheria ya Uingereza inaruhusu zihifadhiwe hadi miaka 55, mradi uthibitishe ridhaa yako kila miaka 10. Kijana wangu hakuambiwa na mtu, na mwenyewe hakujua kuuliza. Tuliwahi kwa siku chache tu kabla ya kemo.

Watu wa pwani nina neno nanyi. Nyumbani mfuko ukivimba tunasema busha au mshipa, tunatafuta mizizi, tunangoja. Mara nyingi ni busha kweli, na saratani hii kwetu Waafrika ni nadra kuliko kwa Wazungu. Lakini uvimbe wa saratani nao unaweza kujaza maji pembeni yake, maji yakaficha lile gumu lililo ndani. Altrasaundi inaona yote mawili. Msikubali mtu awatoboe kwa sindano kabla ya kipimo hicho, kwa sababu kama ni saratani, korodani hutolewa kupitia kinena ili seli zisimwagike kwenye ngozi ya mfuko.

Ukigusa gogo gumu, hata kama haliumi, nenda kwa GP wiki hiyo hiyo. Kujiandikisha na kumwona GP ni bure kwa kila mtu, huhitaji kuonyesha viza, na mkalimani wa Kiswahili unaombewa bila malipo. Ukiona haya kwa daktari wa kike, sema unapoweka miadi kwamba unataka wa kiume.