Seli ni nini, na kwa nini dawa ya ukungu haitibu mnyauko wa migomba



Swali ninaloulizwa sana kwenye simu, hasa kutoka Izigo, Kamachumu na Kemondo, ni hili: "Afisa, mgomba unanyauka, nipulizie dawa gani?" Wengine wanapiga wakiwa wameshatoka duka la pembejeo, kopo liko mkononi. Jibu fupi ni kwamba dawa hakuna. Jibu hilo mmelisikia tangu mnyauko bakteria, ambao wengi huku tunauita unyanjano, ulipogunduliwa nchini mwaka 2006, tena hapa hapa wilayani Muleba. Na bado watu wananunua dawa. Kwa hiyo leo tunashuka chini kabisa, mpaka kwenye seli. Najua wapo walioiaga biolojia kidato cha pili na hawakuililia. Vumilieni, somo hili lina hela ndani yake.

Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli. Wewe, ng'ombe wako, mbuni, hata kiazi. Jina hilo lilitokana na Robert Hooke wa Uingereza, ambaye mwaka 1665 aliandika kwamba ameangalia kipande cha gome kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vidogo vimepangana. Alichokiona zilikuwa kuta tupu, wenyewe walishakufa. Shikeni hilo la kuta tupu, tutalihitaji baadaye.

Sasa chukua seli hai ya jani la mgomba. Nje kuna ukuta wa seli, mgumu, unaoipa umbo. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba wa seli, huyu ndiye mlinzi wa getini: anachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati ya ute kuna kiini, ofisi inayotunza DNA, yaani maelekezo yote ya kuufanya mgomba uwe Nshakala na usiwe Kainja. Kuna kloroplasti zenye rangi ya kijani zinazotengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na mitokondria zinazovunja sukari hiyo kupata nguvu.

Halafu kuna vakuoli, mfuko mkubwa wa maji. Kwa mkulima wa migomba hiki ni kiungo cha kuheshimu. Mgomba hauna mbao. Kile tunachokiita shina ni makuti ya majani yaliyoviringana, na unasimama na mkungu wake kwa sababu mamilioni ya mifuko hiyo imejaa maji na inasukuma kuta za seli kwa nguvu. Ni kama tairi ya baiskeli: upepo ukiisha, inalala. Mmea kunyauka ni hivyo tu, seli zimepungukiwa maji.

(Ndiyo maana pia ukimwaga Urea kwenye shingo ya mche, mche unaungua. Chumvi ikizidi nje ya mizizi, maji yanatoka ndani ya seli kuifuata. Mbolea uliyoinunua inakunyonyea mmea. Weka mbali kidogo na shina, na udongo uwe na unyevu.)

Seli zipo za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza zina kiini kilichofungwa ndani ya utando wake: mimea, wanyama, na fangasi. Ndiyo, fangasi wako upande wetu. Kundi la pili hazina kiini, DNA yake inaelea tu ndani ya ute, hazina mitokondria wala kloroplasti. Hao ndio bakteria. Ni wadogo: seli ya mmea kwa kawaida ina upana wa mikromita 10 hadi 100, bakteria ana kama 1 au 2. Lakini anajigawa mara mbili bila kusubiri mwenza. Piga hesabu: bakteria mmoja akijigawa kila baada ya saa 3, kesho saa kama hii wako 256, na keshokutwa wako 65,536.

Virusi hawamo kwenye kundi lolote. Si seli kabisa. Ni kipande cha maelekezo ndani ya ganda la protini, kinaingia kwenye seli ya mmea na kuilazimisha ikitengeneze kwa wingi. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo ni kazi ya virusi. Hakuna cha kupulizia kikamuua kirusi ndani ya muhogo. Unang'oa, na unapanda mbegu safi.

Turudi kwenye kopo la dawa. Dawa nyingi za ukungu zimetengenezwa kumpiga fangasi mahali ambapo yeye ana kitu na mmea hauna. Zile ambazo kiambato chake kwenye lebo ni tebuconazole au hexaconazole, kwa mfano, zinamzuia fangasi kutengeneza aina ya mafuta anayoihitaji kwenye utando wa seli zake. Bakteria wa mnyauko, anayeitwa Xanthomonas, hatumii mafuta hayo. Umemkatia mtu umeme ambaye hajawahi kuunganishiwa.

Mankozebu nayo inakaa juu ya jani kusubiri mbegu za fangasi zinazotua. Xanthomonas hayuko juu ya jani. Yuko ndani ya mabomba ya maji ya mgomba. Mabomba hayo ni seli zilizokufa zikabaki kuta tupu, zimeungana kichwa kwa mkia kutoka kwenye mizizi kwenda juu, kama zile alizoziona Hooke. Bakteria wanaingia humo, wanazaana, wanatoa ute mzito, bomba linaziba. Juu vakuoli zinakauka, majani yanalala, wakati udongo una maji ya kutosha.

Anaingiaje? Kwa njia mbili kubwa. Wadudu, wakiwemo nyuki, wanaotembelea ua dume, na panga lako. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukapogoa mzima, umewabeba mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kata ua dume mapema, mara chane ya mwisho ikishajitokeza, na tumia kijiti chenye panda, si panga. Kila panga linapotoka kwenye shina moja lipitishe kwenye moto mpaka lisishikike, au lioshe kwa Jik, sehemu moja kwa tano za maji. Shina likionyesha dalili, likate usawa wa udongo, rundika mabaki mahali pamoja, usiyaburute kibanja kizima. Si lazima ung'oe shina lote na watoto wake, maana mara nyingi bakteria hajawafikia wote. Lakini rudi kila wiki ukague. Wanaoshindwa ni wale wanaokata mara moja wakaenda mjini.

Ila kwanza hakikisha ni bakteria kweli. Kata shina, subiri dakika chache: ute wa njano ukitoka, ni Xanthomonas. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Mnyauko wa fangasi, fuzari, hautoi ute huo. Majani ya zamani ndiyo yanaanza njano na kuning'inia kama sketi, ndani ya shina kuna mistari ya kahawia nyekundu, na unapenda Kainja, Kisubi na ndizi za sukari. Ndizi zetu za kupika huwa zinauvumilia. Kwa Xanthomonas hazina kinga.

Wanaoanza shamba jipya mnaniuliza kama miche ya chupa inastahili bei yake. Inatokana na kipande kidogo cha ncha ya kukua, ambako seli bado changa na zina uwezo wa kujenga mgomba mzima, na inakuzwa maabara pasipo vijidudu. Inakuja bila Xanthomonas. Haiji na kinga, ikifika kibanjani kwako panga chafu linaiambukiza kama nyingine.

Na nyie wa nyanya, jaribio lenu ni rahisi zaidi. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka ndani ya dakika chache, unaangalia mamilioni ya seli za bakteria kwa macho yako. Ng'oa mmea huo na udongo wa mizizi yake, na eneo hilo usirudishe nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo msimu ujao. Panda mahindi.