Skauti Anapokuja Kumtazama Mwanao

Mama mmoja anayeishi Texas ameniandikia. Mwanawe ana miaka 17, yuko sekondari, ni mrushaji katika timu ya besiboli ya shule. Tangu msimu uanze, wanaume wenye madaftari wanakuja kukaa nyuma ya wavu na kumnyooshea rada. Mmoja ameomba kufika nyumbani. "Dada," anauliza, "hawa wanamtakia nini mwanangu, na mimi nitasema nini wakati mchezo wenyewe siujui?"

Mdogo wangu, nakujibu wewe na wenzako wote mnaolea vijana huko. Skauti ni mwajiriwa wa timu, na kazi yake ni kuandika ripoti. Ile rada anayoishika ni kama tochi ya trafiki wetu, inasoma mwendo wa mpira tu. Ikionyesha maili 90 kwa saa, yaani karibu kilomita 145, watu huanza kupigiana simu. Lakini skauti mzuri haishii hapo. Anatazama kama kijana anaupeleka mpira anapotaka. Anatazama kama ana mpira wa kupinda, na ule wa taratibu unaomfanya mpigaji azungushe gongo mapema. Anapima urefu wa mwili na mabega yatakavyojaa baadaye. Kisha anaandika alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, si wa sekondari. Kwa hiyo ukisikia mwanao kapewa 40 usiumie moyo. Anapimwa na watu wazima.

Anatazama na tabia pia. Mwenzake akidondosha mpira rahisi, kijana wako anafanya uso gani? Hilo nalo linaandikwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo roho yangu ilipo. Kati ya wote waliokaa nyuma ya ule wavu, hakuna aliyepewa jukumu la kulinda kiwiko cha mwanao. Kocha wa shule anataka ushindi wa Ijumaa. Kocha wa timu ya wikendi anataka ushindi wa Jumapili. Skauti anataka kuona mpira wa kasi. Kila mmoja anahesabu mirusho ya uwanja wake tu, na mkono ni ule ule mmoja.

Ndani ya kiwiko kuna kano ndogo inayobeba mzigo mkubwa wa mrusho. Ikikatika, ni upasuaji. Unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa timu ya Dodgers aliyefanyiwa wa kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974. Yeye alirudi uwanjani na kucheza hadi 1989, ndiyo maana watu huusema kama jambo dogo. Si dogo. Kijana hukaa mwaka mzima au zaidi bila kurusha, na wapo wasiorudi walivyokuwa. Mwaka 2014 Houston Astros walimchagua Brady Aiken, kijana wa sekondari kutoka San Diego, awe wa kwanza nchi nzima katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu. Vipimo vya kiwiko vikazua mashaka, mkataba ukavunjika, na mwaka uliofuata akapasuliwa. Ligi kuu hakuifikia.

Kwa hiyo nunua daftari, mama. Huhitaji kuujua mchezo wote ili kuhesabu mirusho. Ligi Kuu ya Marekani na shirikisho la besiboli la nchi hiyo wametoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa miaka 17 na 18, mirusho isizidi 105 kwa siku, na akifikisha 81 apumzike siku nne. Basi kama Ijumaa alirusha 88, harushi tena mpaka Jumatano. Wakikubembeleza, waonyeshe daftari. Mwongozo huo unataka pia miezi minne kila mwaka bila mechi za kurusha, na miwili au mitatu kati yake, mfululizo, mkono usirushe kabisa. Na akikwambia kiwiko kinamuuma, mpeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa kocha. Vijana huficha maumivu skauti wakiwa uwanjani, kwa hiyo muulize usiku, mkiwa wawili.

Kuhusu yale maonyesho ya kulipia, vijana wanaporusha mbele ya skauti, ambayo huenda wanakualika kila mwezi, chagua moja au mawili, mengine waachie. Kijana anayerusha vizuri watamfuata hata shuleni kwake.

Tuje kwa mgeni. Mkaribishe, mpikie chai, hiyo ni heshima yetu na usiiache. Lakini mwanao asiwe mkalimani wa mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe. Muite mjomba au mzee wa kanisani anayekijua Kiingereza vizuri. Mgeni atauliza mtakubali kiasi gani ili asaini badala ya kwenda chuo. Usitaje namba eti kwa sababu ya adabu. Mwaka 1991 Bettie Taylor, mama wa familia isiyo na uwezo huko North Carolina, aliikataa ofa ya kwanza ya Yankees kwa mwanawe Brien, na mwishowe wakalipa dola milioni 1.55. Namheshimu sana yule mama. Bega la mwanawe liliumia mwaka 1993, katika ugomvi nje ya uwanja, na ligi kuu hakuicheza. Fedha zile zilikuwa zimeshapatikana kwa sababu mama alikaa imara.

Uchaguzi wa wachezaji hufanyika Julai, raundi 20, na kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuchaguliwa na bado akakataa. Akisaini na timu, besiboli ya chuo imefungwa kwake. Ndiyo maana masomo yake ya sasa yasilegee, na wakala yeyote asimpe hata viatu vya zawadi, maana zawadi hizo zinaweza kumnyima nafasi ya kuchezea chuo. Na siku mkikaa kusaini, ada ya chuo iandikwe ndani ya mkataba, kwa kiasi kinachotajwa, kabla kalamu haijamfikia mwanao.