Kuchagua Kinga ya Kutu kwa Chesisi ya Gari

Mto Msimbazi unapofurika wakati wa masika, maji hufunika Barabara ya Morogoro katika eneo la Jangwani, na magari mengi hupita au hukwama ndani yake. Maji yakishapungua, gari huoshwa bodi likang'aa, kisha likarudi kazini. Upande wa chini hubaki na tope katika kona za chesisi, na hapo ndipo kutu hujificha. Mwenye gari huja kuiona siku paipu ya breki inapopasuka au kishikio cha springi kinapokatika, gari likiwa na abiria. Somo hili linawaeleza wakazi wenye daladala, pikapu, bajaji na magari binafsi namna ya kuchagua kinga inayofaa.

Chanzo cha kutu

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na Dar es Salaam ni jiji la pwani ambako upepo wa bahari hubeba chumvi mwaka mzima. Aidha, baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani yalikwishapita katika barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Gari la namna hiyo huweza kuwa na kutu tangu siku linaposhushwa bandarini, hata kama rangi yake ya juu ni nzuri.

Oili chafu si kinga

Desturi ya kupaka chesisi oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini imezoeleka kwa kuwa haina gharama kubwa. Madhara yake ni makubwa kuliko akiba hiyo. Oili hiyo hulainisha na kuharibu bushi na mipira mingine, hunasa vumbi, na hudondoka barabarani. Mvua ikinyesha, huingia katika mifereji na kufika mtoni au baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo.

Aina za kinga

Rangi ya redoksaidi ni nafuu na hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, hiyo ni rangi ya msingi tu. Isipofunikwa na rangi nyingine, maji huipenya.

Rangi ya epoksi huchanganywa kutoka makopo mawili. Hushika chuma kwa nguvu na hustahimili maji na mafuta, lakini huhitaji chuma kilichosafishwa vizuri na kipimo sahihi cha mchanganyiko.

Kinga ya lami ni nzito na huzuia kokoto zisichubue chuma. Udhaifu wake ni kwamba hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Maji yakishaingia katika ufa, hukaa chini ya lami na chuma huliwa bila kuonekana.

Kinga ya nta hupulizwa kwa mrija ndani ya vyuma vyenye uwazi, mahali ambapo brashi haifiki. Haipasuki kama lami, ila huoshwa na maji, hivyo inafaa kukaguliwa kila mwaka na kurudiwa.

Rangi ya unga huokwa katika tanuri kwa joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Inafaa kwa vipuri vilivyofunguliwa na kuondolewa mipira yote. Ikichubuliwa na jiwe, kutu huweza kutambaa chini yake.

Kuzamisha chuma katika zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la takriban nyuzi 450, hutoa kinga ya muda mrefu, kwa sababu zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Njia hii inafaa fremu za tela. Haifai kwa springi, kwani joto na maandalizi yake ya tindikali huweza kudhoofisha chuma kigumu.

Hatua za kazi

1. Gari lioshwe chini kwa maji safi, mafuta yaondolewe, kisha likauke kabisa.
2. Chesisi igongwe taratibu kwa nyundo ndogo. Penye mlio mzito au panapobonyea, chuma kimeliwa. Fundi wa kuchomelea atengeneze kwanza. Hakuna rangi inayorudisha nguvu ya chuma kilichooza.
3. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane.
4. Rangi ya msingi ipakwe siku isiyo na mvua, ikauke, ndipo kinga ya juu ifuate.

Diski za breki, paipu ya moshi, mipira, sensa na matundu ya kutolea maji visipakwe. Namba ya chesisi nayo isifunikwe, kwa kuwa ndiyo inayolitambulisha gari wakati wa ukaguzi na mauzo.

Usalama wa fundi

Gari lisitegemee jeki pekee. Liwekwe juu ya vihimili imara. Fundi avae barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, miwani na glovu, na afanye kazi penye hewa. Kuchomelea chuma chenye zinki hutoa moshi wenye sumu. Mabaki ya rangi na tina yasimwagwe mferejini. Yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, na ushauri uombwe kwa afisa afya wa kata.

Uchaguzi unaofaa

Kwa gari la kazi linalopita Jangwani kila siku, mpangilio wenye manufaa ni epoksi juu ya chuma kisafi, lami upande unaopigwa na kokoto, na nta ndani ya vyuma vyenye uwazi. Mwenye uwezo mdogo aanze na redoksaidi na rangi ya juu, mradi kutu iwe imekwanguliwa. Wakati bora ni kabla ya masika, na ukaguzi urudiwe mvua zikiisha. Kabla ya kulipa gereji, mwenye gari aombe kuona chuma kikiwa kimesafishwa na bado hakijapakwa, maana rangi mpya huweza kuficha tundu ambalo kesho litagharimu maisha.