Kontrakta, Pesa ya Mjengo wa Juja Isimalizie Mjengo wa Rongai

Kazi ya ujenzi ina pesa, hilo halina ubishi. Lakini pia ni biashara ambayo mtu anaweza kuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja, simu haitulii, na bado Jumamosi ikifika hana pesa ya kulipa vibarua. Makontrakta wanaotumia huduma zetu hutuuliza swali hili kwa namna nyingi: "Kazi ninayo, mbona pesa siioni?"

Mara nyingi shida si bei kuwa ndogo. Shida ni kwamba pesa za mijengo yote zinaingia kwa simu moja, zinachanganyika na za nyumbani, halafu depo ya mteja mpya inamalizia kazi ya mteja wa zamani. Ukishaanza hivyo, lazima upate kazi nyingine haraka ndiyo umalize hii uliyo nayo. Siku kazi mpya ikikosekana, mijengo yote inasimama pamoja, na wateja wote wanakutafuta wiki moja.

Leo tunataka tuelewane kuhusu kanuni moja tu: kila mjengo ujilipie wenyewe. Hebu tuone inafanyaje kazi kwa hesabu.

1. Pesa itangulie kazi hatua moja

Tuchukue mfano. Umepata kazi ya kujenga vyumba vitatu vya kupangisha pale Juja kwa shilingi 1,200,000, vifaa na ufundi pamoja. Umepiga hesabu ukaona gharama zako zote ni 1,060,000. Faida yako ni 140,000.

Usikubali malipo ya "nitakuwa nakutumia tu kidogo kidogo." Gawanya pesa kwa hatua, na muandikiane:

- Kabla ya kuanza: asilimia 30, yaani 360,000
- Msingi ukikamilika: asilimia 25, yaani 300,000
- Ukuta ukifika linta: asilimia 25, yaani 300,000
- Paa likishapanda: asilimia 15, yaani 180,000
- Pesa ya kushikiliwa, italipwa miezi 6 baada ya kukabidhi: asilimia 5, yaani 60,000

Sasa weka gharama za kila hatua kando yake. Msingi 310,000. Ukuta 290,000. Paa 270,000. Plasta, sakafu, milango na rangi 190,000. Ukifuatilia utaona kwamba kila hatua inaanza pesa yake ikiwa tayari imeingia. Mteja naye yuko salama, kwa sababu halipi hatua inayofuata kabla ya kuona ile ya kwanza imesimama.

Angalia pia mwisho wa hesabu. Siku unakabidhi funguo, mkononi umebaki na 80,000. Zile 60,000 nyingine za faida yako bado ziko kwa mteja. Kwa hivyo ukisherehekea faida ya 140,000 siku hiyo, unatumia pesa ambayo hujaishika. Na nyufa zikitokea kabla ya miezi 6 kuisha, utarudi kuzirekebisha ndiyo ulipwe.

Sasa tuone ubaya wa kuchanganya. Depo ya Juja ya 360,000 imeingia. Rongai kuna mjengo umekwama, unachukua 150,000 "nitarudisha wiki ijayo." Juja inabaki na 210,000, na msingi unataka 310,000. Umepungukiwa na 100,000. Mteja hawezi kukupa malipo ya pili kwa sababu msingi haujakamilika, na msingi haukamiliki kwa sababu pesa haipo. Hapo ndipo makontrakta wengi wazuri huharibikiwa na jina, na kumbe kazi walikuwa wanaijua.

Rongai ikikwama, dawa yake iko Rongai: mdai mteja wa Rongai kulingana na hatua mliyoandikiana, au simamisha kazi kwa heshima mpaka alipe.

2. Kila mjengo uwe na njia yake ya pesa

Usipokee malipo ya kazi kwa laini yako ya kibinafsi. Tumia Till ya biashara. Ukiwa na kazi zaidi ya moja, Paybill inakusaidia zaidi, kwa sababu mteja anaandika jina la akaunti anapolipa. Mwambie wa Juja aandike JUJA, na wa Rongai aandike RONGAI. Mwisho wa mwezi, stetimenti yenyewe inakwambia kila mjengo umeingiza ngapi.

Kumbuka vikomo. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi 250,000, na kwa siku mtu hawezi kupitisha 500,000. Kwa hivyo ile depo ya 360,000 haiwezi kuingia mara moja. Mwambie mteja mapema ailipe mara mbili, au atumie benki. Ukinyamaza, fundi anaweza kufika site asubuhi na saruji haijanunuliwa.

Na mteja akikwambia "nimetuma, angalia hii picha ya meseji," usiangalie picha. Angalia orodha ya malipo kwa akaunti yako ya biashara. Kama haipo hapo, pesa haijaingia.

Halafu jilipe mshahara. Chagua kiasi, tuseme kila Ijumaa, na ukitume kutoka akaunti ya biashara kwenda laini yako. Karo, kodi ya nyumba na mboga vitoke kwa laini yako. Visitoke kwa Till.

3. Jumamosi ya mishahara

Hapa ndipo pesa huvuja bila kelele. Tuseme Juja una mafundi wawili kwa 1,500 kwa siku na wasaidizi wanne kwa 800. Kwa siku sita, mafundi ni 18,000 na wasaidizi ni 19,200. Jumla 37,200 kwa wiki.

Sasa forman akiongeza jina moja la msaidizi ambaye hayuko, hutaona tofauti kubwa. Ni 4,800 tu kwa wiki. Lakini kwa wiki 8 ni 38,400. Hiyo ni zaidi ya mshahara wa kikosi kizima kwa wiki moja, umemlipa mtu hewa.

Zuia hivi:

- Siku ya kwanza, andika jina la kila mfanyakazi kama lilivyo kwa kitambulisho, pamoja na namba yake ya simu.
- Kila jioni forman akutumie orodha ya waliofika. Siku nyingine pita mwenyewe bila kutangaza, uhesabu vichwa.
- Jumamosi, lipa kila mtu kwa simu yake mwenyewe. Usimtumie forman jumla agawe.
- Kabla ya kutuma, linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina la orodha. Yasipolingana, simama uulize.

Kama wafanyakazi ni wengi, kuna huduma ya kulipa watu wengi kwa mpigo mmoja ambayo inakuachia orodha safi. Gharama ya kutuma pesa iweke kwa bei ya kazi tangu mwanzo. Kibarua akikatwa 30 hapa na 50 pale, ataona umemdhulumu hata kama hukukusudia.

4. Vifaa: lipa anayeuza

Forman akihitaji saruji, mpigie mwenye hadwea, mkubaliane bei, kisha ulipe Till ya duka. Forman kazi yake ni kupokea mifuko, kuihesabu na kukutumia picha ya risiti. Lori la mchanga au la kokoto lilipwe likishamwaga na ukishaona kiasi, na pesa iende kwa mwenye lori.

Usinunue saruji yote kwa sababu depo imeingia. Saruji ikikaa kwa unyevu inaganda. Nunua ya hatua iliyoko, na uiweke juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta. Pesa iliyobaki itakaa salama kwa akaunti kuliko kwa mifuko iliyoganda.

5. "Ongeza tu hapo dirisha"

Mwenye nyumba huja site Jumapili, anaangalia, anasema ongeza dirisha, sogeza ukuta, weka kabati. Kwa kuwa mnaelewana, unasema sawa. Mwisho wa kazi yeye anakumbuka bei ya kwanza, na wewe unakumbuka madirisha.

Jibu la adabu ni hili: "Sawa mama, hiyo inawezekana. Jioni nitakutumia bei yake kwa WhatsApp, ukikubali na kutuma nusu tunaanza." Ujumbe huo na malipo hayo ni ushahidi tosha wa makubaliano yenu.

6. Serikali nayo iko kwa hesabu

Sheria inataka kontrakta asajiliwe na National Construction Authority, yaani NCA. Madaraja ni kuanzia NCA 8, ambalo ndilo la chini, hadi NCA 1. Bila usajili, kazi kubwa zitakupita. Pia, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia AGPO, lakini lazima uwe na karatasi zako.

Kwa kodi, sheria iliyoanza Julai 2023 inasema biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka inalipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Neno la kushika hapo ni mauzo, si faida. Kwa ile kazi ya 1,200,000, asilimia 3 ni 36,000. Hiyo ni zaidi ya robo ya faida yako ya 140,000. Kama hukuiweka ndani ya bei, inatoka mfukoni mwako. Kila malipo yakiingia, tenga asilimia 3 siku hiyo hiyo. Na mteja mwenye kampuni atataka ankara ya eTIMS, kwa hivyo jisajili kabla hajakuuliza.

Anza wiki hii

Si lazima ubadilishe kila kitu kwa siku moja. Fanya haya matatu:

1. Chukua kazi moja uliyo nayo sasa. Andika pesa iliyoingia, iliyotoka, na inayohitajika kufikia hatua inayofuata. Kama haitoshi, ni heri ujue leo kuliko Jumamosi.
2. Fungua Till au Paybill ya biashara, na umtumie kila mteja namba hiyo.
3. Jumamosi hii lipa kila mfanyakazi kwa simu yake, ukiwa na orodha mkononi.

Na PIN ya akaunti ya biashara ni yako peke yako. Hata forman mliyeanza naye asiijue. Akihitaji kuona malipo, mtumie stetimenti.

Ukifanya hivi kwa mijengo miwili au mitatu, utakuwa na rekodi ya kuonyesha benki ukitaka mkopo, na utajua bei gani ni ya faida na gani ni ya kukuchosha bure. Mteja wa Juja akipata nyumba yake kwa wakati, atakupigia debe kwa jirani yake, na hiyo kazi ya pili itakuja na depo yake yenyewe.